Aliyefunga Goli la Lugembe

1 Machi 2025, Mhunze

Nadai, na nitalitetea dai hili mbele ya yeyote atakayejitokeza: urafiki unaozaliwa katika kundi la mashabiki kwenye simu ni urafiki kamili. Una haki zote za urafiki na wajibu wake wote, na anayemdhulumu mwenzake humo amemdhulumu mtu mwenye nyama na damu, hakudhulumu picha na namba ya simu. Nimeanza shajara hii leo kwa sababu nimechekwa shambani.

Tulikuwa tunapulizia dawa pamba, mimi na mama, na simu ikalia mara tatu mfukoni mwangu.

"Ni nani hao wasiokuacha upumue?" akauliza.

"Rafiki zangu, mayu," nikamjibu mama kwa lugha ya nyumbani. "Jukwaa la Nyati. Mashabiki wa timu ya chuo chetu."

"Wako wangapi?"

"Mia mbili na kumi na wanne."

"Na wakati wa palizi tulikuwa wangapi hapa?"

Tulikuwa wawili. Lakini swali lake lina hila: linapima urafiki kwa jembe. Kwa kipimo hicho trekta ndilo rafiki mkuu wa mwanadamu. Nilipomwambia hivyo alicheka hadi akaweka bomba la dawa chini.

Kwa kuwa shajara isiyo na utangulizi ni uzembe, niseme mimi ni nani. Naitwa Kalisti. Nilihitimu Chuo cha Lugembe mwaka 2022, shahada ya elimu, somo la historia. Tangu hapo nimeomba ajira ya ualimu mara nne, na majibu ya mara ya nne bado nayasubiri. Katika Jukwaa la Nyati mimi ni Katibu, na katiba yake yenye ibara thelathini na moja niliiandika kwa mkono wangu. Mwenyekiti wetu ni Adam, mwenye duka la pembejeo Shinyanga mjini, ambaye ndiye aliyefunga goli lililotupa Kombe la Vyuo mwaka 2016, dakika ya tisini na mbili, dhidi ya Nyamihanga. Picha ya kundi letu ni ya dakika ile: mgongo wa mfungaji anayekimbilia kibendera cha kona, jezi namba kumi na moja, mkono wa kulia umeinuliwa juu ukiwa na bandeji. Uso hauonekani. Adam husema bandeji ile ilitokana na mlango wa bweni.

8 Machi

Lugembe 2, Wakulima 1. Mechi ya kwanza ya msimu.

Lazima nieleze jinsi tunavyoziangalia mechi hizi, kwa sababu hakuna televisheni inayoonyesha ligi ya vyuo. Paskazia, Katibu Msaidizi wangu, muuguzi wa Shinyanga mjini, huenda uwanjani. Huko hutuma neno moja moja: "Kona." "Nje." "Kadi." Gregory, aliyeko Buseresere kwenye karasha, yaani mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, hulipokea neno hilo na kulifanya mechi. Hutangaza kwa ujumbe wa sauti mchezo asiouona, mashine ikinguruma nyuma yake.

Leo Paskazia aliandika "Kona." Gregory akarusha dakika nzima: "Kona inakwenda kupigwa upande wa kule kwenye mchongoma! Beki wa Wakulima anafunga kamba za viatu, anaogopa, mimi namwona anaogopa! Mpira huoo, unaning'inia hewani kama mbuzi aliyekataa kushuka kwenye lori!"

"Beki hajafunga kamba yoyote," Paskazia akaandika.

"Dada, wewe uko uwanjani, huwezi kuona kila kitu."

Nilicheka peke yangu barabarani hadi mtu mmoja mwenye baiskeli akanisalimia kwa tahadhari.

12 Machi

Mvua hakuna. Majani ya pamba yameanza kukunjana.

15 Machi

Majina ya walioitwa kazini yametoka. Langu halimo. Ni mara ya nne sasa.

Sikumwambia mtu, lakini Gregory alijua, kwa sababu tangu asubuhi sikubishana na yeyote jukwaani. Alipiga saa saba mchana.

"Mwalimu, umekula?"

"Hali yangu si ya kujadiliwa kwa—"

"Sijauliza hali. Nimeuliza umekula?"

Sikuwa nimekula. Alisubiri kwenye simu mpaka nikachota ugali. Kisha akasema, "Haya, tufundishe. Jana uliishia pale wanakunywa maji ya dawa." Nikamsikia akiwapigia kelele wenzake: "Zimeni mashine, mwalimu anafundisha!"

Hii ndiyo siri ambayo jukwaa halijui. Tangu Januari nimekuwa nikiwafundisha historia wasaga mawe wanne kwa spika ya simu, wakati wa mapumziko yao. Tuko kwenye Vita vya Majimaji. Wanauliza maswali ambayo wanafunzi wa chuo hawakuwahi kuuliza. Sijawahi kuwaona kwa macho, hata Gregory mwenyewe. Ni darasa pekee nililonalo, na mimi ni mwalimu pekee waliyenaye.

Mama anaweza kuleta jembe lake alipime na hili.

22 Machi

Kikao cha viongozi kwa simu. Mashabiki wa Nyamihanga, watani wetu wa jadi, wamepenyeza watu ndani ya jukwaa, na kila kejeli tunayoiandaa inawafikia kabla hatujaituma. Adam akapendekeza uhakiki. Nikaandika Ibara ya 9 ndani ya nusu saa: kila mwanachama atawasilisha kwa Katibu namba yake ya usajili ya chuo kabla ya tarehe 31 Machi kwisha, atakayeshindwa ataondolewa, atakayeghushi atatangazwa.

"Kaka Kalisti," Paskazia akasema, "hili ni kundi la mpira, siyo uhamiaji."

"Kundi lisilojua mipaka yake si kundi, ni umati."

"Umati ndio unaoshangilia, wewe bwana."

Namwona mtu mwepesi. Hutuma vikatuni vya paka wanaocheza dansi katikati ya mjadala wa katiba. Adam alinipongeza: "Kijana wetu ana kichwa." Nilifurahi kuliko inavyostahili mtu wa umri wangu.

24 Machi

Namba zimeanza kuingia. Bado hakuna mvua.

29 Machi

Lugembe 0, Chuo cha Nyuki 0. Wanachama 187 wamehakikiwa. Gregory bado. Nimemkumbusha mara mbili. Amejibu, "Nitakutumia, Katibu, usiniharakishe." Mtu anayejua namba yake hahitaji wiki nzima kuitaja. Nyongeza ya Mei: niliandika sentensi hiyo nikiipenda. Naiacha hapa kama ushahidi dhidi yangu.

31 Machi

Gregory ametuma namba saa kumi jioni, na chini yake ujumbe wa sauti wa dakika nne na sekunde kumi na moja. Nina msimamo kuhusu ujumbe wa sauti mrefu: mtu mwenye hoja huiandika. Nikachukua namba, nikaiingiza kwenye orodha.

2 Aprili

Namba mbili zinafanana. Namba aliyoleta Gregory ni namba ya Mwenyekiti, tarakimu kwa tarakimu.

Nilimpigia Adam. "Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, mdogo wangu. Kuna nini?"

Nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu kiasi cha kunifanya niangalie kama simu imekatika. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wewe ndiye uliyeiandika katiba. Ifuate."

Nadhani ule ukimya ni uchungu wa mtu aliyeibiwa utambulisho wake. Nilimheshimu zaidi kwa kutokasirika.

3 Aprili

Saa tatu asubuhi nimetuma tangazo. Nalinakili neno kwa neno, maana nisipolinakili nitakuja kulilainisha:

"Kwa mujibu wa Ibara ya 9, Jukwaa linatangaziwa kuwa ndugu Gregory amewasilisha namba ya usajili isiyo yake. Huyu si mhitimu wa Lugembe. Ni mghushi. Sauti tuliyoipenda ilikuwa sauti ya uongo."

Sentensi ya mwisho niliiongeza kwa ajili ya mdundo wake. Hakuna aliyeniomba.

Yaliyofuata yalichukua dakika kumi na tano. "Kumbe mamluki!" "Alizoea kuchimba dhahabu, akaona achimbe na shahada." "Kona ya mchongoma, mchongoma wenyewe hana!" Picha za vicheko zikajaa. Watu waliomwita "sauti yetu" wiki iliyopita. Gregory aliandika mstari mmoja tu: "Katibu, hukusikiliza." Adam akamwondoa.

Paskazia akapiga papo hapo. "Ulimpigia kabla ya kutangaza?"

"Katiba haisemi kwamba nipige."

"Sijakuuliza katiba. Nakuuliza wewe."

"Nilifuata utaratibu, Paskazia."

"Basi mpigie utaratibu akuulize kama umekula."

Sijui alijuaje. Pengine Gregory humuuliza kila mtu.

4 Aprili

Mvua imenyesha hatimaye. Mama ameimba tangu asubuhi. Mimi sikutoka.

5 Aprili

Lugembe 1, Wauguzi 0. Jukwaani leo imekuwa hivi: "Kona." "Nje." "Kona." "Goli." "Mwisho." Maneno makavu, kama orodha ya mahudhurio. Mtu mmoja aliandika, "Mbona mechi imekuwa fupi?"

Saa saba mchana simu haikulia.

9 Aprili

Simu imejaa. Nilikuwa nafuta vitu vizito, nikafika kwenye ujumbe wa dakika nne na sekunde kumi na moja. Kidole kilikuwa tayari juu ya alama ya kufuta. Nikausikiliza kwa sababu nilitaka kuwa na haki ya kusema niliusikiliza.

"Katibu, salaam. Nimezima mashine ili unisikie vizuri. Namba niliyokutumia ni ya kweli, ila si yangu, ni ya Mwenyekiti. Usikasirike kwanza. Ukiiona ina mwenyewe, nipigie kabla hujasema kitu. Mwaka 2016 mimi nilikuwa jikoni pale chuoni, napasua kuni, nakoroga uji. Jioni nafanya mazoezi na timu, kocha alinipenda. Siku ya fainali Adam aliamka na malaria, yuko zahanati na dripu mkononi. Kocha akanipa jezi yake na kitambulisho chake, picha ilikuwa imefutika huoni pua wala jicho. Akanikaririsha namba ile njia nzima kwenye gari, eti refa akiniuliza niitaje bila kusita. Refa hakuuliza. Mimi nimebaki nayo. Ndiyo namba pekee ya chuo niliyowahi kupewa, Katibu. Wewe umesema asiye na namba atoke. Sasa mimi ningekupa ipi? Nimeogopa kutoka. Huko nje mimi sina wa kumtangazia mpira. Kama haifai, niambie tu, nitatoka mwenyewe taratibu, bila makelele. Na wale jamaa wanauliza, kesho tunaendelea na Majimaji?"

Nimeusikiliza mara tano. Mara ya sita sikuweza.

Ndivyo timu zetu zinavyofanya, na kila aliyepita vyuoni anajua: mchezaji asiye mwanafunzi huchezeshwa kwa jina la mwanafunzi, akaitwa mamluki, akasahauliwa. Nimesoma vitabu vingi kuhusu watu waliofutwa katika historia. Nimewahi kuandika insha ndefu juu ya hilo na kupewa alama ya juu kabisa. Kisha nikaletewa mtu mmoja halisi, akiwa na sauti yake, nikamfuta kwa ibara ya 9.

10 Aprili

Nimempigia mara kumi na moja. Amenizuia.

11 Aprili

Nilijaribu kujibishana na nafsi yangu kwamba bado hakuna ushahidi. Mtu anaweza kutunga kisa. Nimeshindwa mjadala huo, na mimi huwa sishindwi kirahisi.

16 Aprili, Buseresere

Nimesafiri kwa basi hadi Kahama, kisha Geita, kisha hapa. Namwandikia nani haya sijui, lakini nitayaandika yote.

Kwenye makarasha kila kitu kina rangi moja ya vumbi, hata kope za watu. Nilimuuliza mwanamke mmoja aliyekuwa akichekecha unga wa mawe, "Shikamoo mama, namtafuta Gregory."

"Marahaba. Gregory yupi? Yule mtangazaji?"

Hata hapa anaitwa hivyo.

Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Aliniona nimesimama na mkoba wangu na shati langu la mikono mirefu, akanitambua kabla sijafungua mdomo. Alikuwa akiosha mikono kwenye ndoo, na kwenye mkono wa kulia, kuanzia kiwikoni hadi karibu na kifundo, palikuwa na kovu pana la moto, limekunjamana, pale pale ilipo bandeji katika picha. Sufuria la uji, alinieleza baadaye. Siku tatu kabla ya fainali. Ubishi wangu uliishia hapo.

"Mwalimu," akasema. "Umekuja kuhakiki?"

Wenzake watatu wakasimamisha kazi. Mmoja, kijana mrefu aitwaye Sikujua, akacheka kwa uchungu. "Huyu ndiye Katibu? Nilidhani ni mzee. Kwenye simu anaongea kama mzee."

"Nimekuja kukuomba radhi," nikasema. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndani ya basi, yenye sehemu tatu. Nilianza sehemu ya kwanza. Niliposema "kwa kuzingatia mazingira ya wakati ule," Gregory akainua mkono wenye kovu.

"Subiri. Uliniita mghushi mbele ya watu wangapi?"

"Mia mbili na kumi na wanne."

"Na hapa umekuta wangapi?"

"Wanne. Na mama yule."

"Sasa hiyo radhi yako unaipeleka wapi? Uliniita mwongo mbele ya watu wote, halafu unanisafisha mbele ya mashine?"

Nikasema nitaandika jukwaani. Nikasema nitamsafisha bila kugusa habari ya Adam na kombe, ili pasiwe na mtafaruku. Nilidhani ni busara.

"Utanisafishaje nusu?" akauliza, na hapo ndipo alipokasirika kweli. "Ukisema namba haikuwa yangu ila mimi si mwongo, watauliza basi mwongo ni nani. Mwalimu, miaka tisa mimi ni mgongo tu. Watu wanauweka kwenye simu, wanauchapa kwenye fulana. Mke wangu ana fulana yenye mgongo wangu, hajui ni mimi. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa ndani. Nilikuwa natangaza, nacheka na watu, nikaona inatosha. Sasa umenitoa. Kama unasema, sema yote. Kama husemi, panda basi."

"Na Nyamihanga wakilidai kombe?"

"Kombe liko kwenye kabati la chuo. Mimi sijawahi kulishika hata mara moja. Walinishusha njiani, ili lisipigwe picha na mimi."

Kwa mara ya kwanza tangu nianze kubishana, ambayo ni kama tangu nianze kusema, sikutafuta jibu.

Walinipa chai. Sikujua akauliza, bila kuniangalia, "Hivi yale maji ya dawa, walipoona yanashindwa, kwa nini hawakuacha?" Nikaanza kumjibu. Gregory akaondoka, akawasha mashine.

18 Aprili, Ijumaa Kuu, Shinyanga

Nilimkuta Adam nyumbani kwake. Alinikaribisha kwa upole uleule.

"Karibu, mdogo wangu. Pole na safari. Paskazia ameniambia ulikuwa Buseresere."

Nikamwambia yote. Hakukana. Hilo ndilo linalonisumbua: hakukana hata neno moja. Alikaa akikunja na kukunjua kitambaa cha meza.

"Mimi sikuwahi kusema nilifunga," akasema.

"Umesema mlango wa bweni ndio uliokuumiza mkono."

"Watu waliuliza bandeji ni ya nini. Ulitaka niseme nini?" Akainua macho. "Sikiliza, Kalisti. Mwaka ule nilitoka zahanati, watu wakanibeba juu juu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilisema nitakanusha kesho yake. Kesho yake gazeti la mkoa likatoka na jina langu. Sasa nina watoto wanaojua baba yao alifunga. Na wale kumi wengine walicheza kihalali, walitoka jasho lao. Ukitamka neno mamluki, Nyamihanga watawavua wote medali. Utamsafisha mmoja kwa kuwachafua kumi?"

Naandika hoja yake kwa ukamilifu kwa sababu ni hoja nzuri, na mwandishi anayeficha hoja nzuri ya mpinzani ni mwoga. Nilimjibu kwamba aliyewachafua kumi ni aliyepanga mchezo ule, si anayeusema. Na kwamba tarehe 2 Aprili, nilipompigia, angeweza kusema "subiri" na asingepoteza kitu. Alisema "ifuate."

"Niliogopa," akasema.

"Hata yeye aliogopa. Alinitumia dakika nne. Wewe ulinitumia neno moja."

Akanisindikiza hadi mlangoni. "Tutalizungumza baada ya bonanza la mashabiki mwezi ujao. Nakuomba kama kaka yako."

Nilikubali. Udhaifu wangu mwingine.

20 Aprili, Pasaka

Mama ameuliza kwa nini sishiki simu. Nimesema chaji.

26 Aprili

Lugembe 3, Nyamihanga 3. Mechi ya msimu, kwa maoni ya wote waliokuwa uwanjani. Jukwaani ilikuwa maneno ishirini na sita ya Paskazia.

Ahadi yangu kwa Adam haikuhusu kosa langu mwenyewe, hivyo jioni niliandika jukwaani: "Nina jambo la kurekebisha kuhusu tangazo langu la tarehe 3." Ndani ya dakika mbili kundi likafungwa, wasimamizi pekee ndio wanaoweza kuandika. Dakika moja baadaye nikaondolewa usimamizi. Ibara ya 22, kifungu cha pili, inampa Mwenyekiti mamlaka hayo. Niliiandika mimi, ni ibara iliyopangika vizuri sana.

3 Mei

Mvua kubwa, nje ya wakati. Vitumba vilivyokwisha kupasuka vimelowa, pamba imegeuka kijivu. Tumevuna iliyobaki.

"Yule aliyekuwa anakuuliza kama umekula," mama akasema ghafla, "siku hizi hapigi."

"Nilimkosea, mayu."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Anataka niwaambie watu wote."

Akaendelea kuchuma mstari mzima kabla ya kusema, "Ana haki."

10 Mei

Paskazia amekuja Mhunze kwa pikipiki kutoka Shinyanga, akiwa bado na sare ya kazi. Nilimdhania mtu mwepesi. Nimeandika hivyo hapo juu na sitafuta. Amejitoa uongozi leo. Alimwambia Adam uso kwa uso kwamba hatatuma tena hata neno "kona" mpaka Gregory arudi kulipokea.

"Sasa wewe, kaka Kalisti, unangoja nini?"

"Niliahidi kungoja bonanza."

"Uliahidi kwa nani? Kwa Gregory?"

Nilimletea kigoda, hakukaa.

"Halafu ukisema, hakuna pa kusemea isipokuwa nje, wanakosoma na Nyamihanga. Watatuzomea miaka kumi. Mimi pia watanizomea. Nilikuwepo kwenye ile fainali, nikalia kwa furaha. Nililia kwa goli la mtu nisiyemjua." Akavaa kofia yake. "Ila nimekwisha kulia. Chozi haliwezi kurudi."

17 Mei, Shinyanga

Bonanza. Mahema mawili, spika kubwa, fulana zenye mgongo. Adam alikabidhiwa ngao ya "Goli la Miaka Yote." Nilinyoosha mkono nikiwa mstari wa mbele. Mshereheshaji aliniona, niliona kwamba ameniona. Akasema, "Maswali baada ya chakula," na muziki ukafunguliwa. Baada ya chakula palikuwa na muziki zaidi.

Adam aliposhuka jukwaani alipita karibu yangu. Alikuwa ameikumbatia ile ngao kifuani kwa mikono yote miwili, na hakuonekana kama mtu anayefurahi.

"Bado tutazungumza," akasema.

"Lini, Mwenyekiti?"

Akaelekea hemani. Basi ahadi yangu imekwisha leo.

19 Mei, Mhunze

Leo naichapisha shajara hii yote, tangu tarehe 1 Machi, kwenye ukurasa wangu ulio wazi kwa kila mtu, Nyati na Nyamihanga kwa pamoja. Gregory ameisoma kwanza. Nilimpelekea kupitia simu ya Sikujua. Amerudisha jibu la maneno mawili: "Weka yote." Hajanifungulia simu yake, na sidai anifungulie.

Kwanza, ninalodaiwa mimi. Nilisema hadharani kwamba Gregory ni mghushi na sauti yake ni ya uongo. Haikuwa kweli. Alinieleza ukweli kabla sijasema, nami nikadharau kuusikiliza. Wote mia mbili na kumi na wanne mliosoma lile, someni na hili.

Pili, kwa wale kumi waliocheza siku ile: sina ugomvi nanyi, na yeyote atakayegusa jasho lenu atanikuta upande wenu. Lakini mlimpasia mpira. Mnajua mlimpasia nani.

Tatu, kwako wewe, Adam. Nimekuheshimu, na sehemu yangu bado inakuheshimu, ndiyo maana sikuwaachia wengine wakuulize. Usinipigie. Usinitumie mtu wa kuniita pembeni. Usifunge kundi. Gregory aliaibishwa mbele ya watu, na jibu linalomhusu litatolewa mbele ya watu. Andika hapa chini, kwa jina lako kamili, ili mkewe asome, na watoto wako wasome, na Nyamihanga wasome: dakika ya tisini na mbili ya fainali ile, Adam, wewe ulikuwa wapi?